Chupa ya chuma au ya plastiki kwenye baiskeli: anzia kwenye kifuniko na kishikio

Swali: "Nina baiskeli ya changarawe yenye fremu ndogo na vishikio viwili vya chupa vya kaboni. Siku za kazi naendesha dakika 40 kwenda na 40 kurudi, na Jumamosi natoka kwa muda wa saa 3 hadi 4. Chupa yangu ya plastiki inanuka hata nikiiosha, maji yake yanapata joto upesi, na nimeambiwa plastiki ni sumu. Je, ninunue ya chuma?"

Kwa matembezi ya Jumamosi, baki na plastiki. Kwa safari za kazini, chupa ya chuma yenye kuta mbili itakufaa, mradi ubadilishe kishikio kimoja. Ama harufu unayoilalamikia, mara nyingi haitoki kwenye ukuta wa chupa bali kwenye kifuniko. Kifuniko cha aina hiyo ukikiweka juu ya chuma na kukiosha kama unavyoosha sasa, kitanuka vilevile baada ya wiki chache.

Tuanze na kunywa kwenyewe, kwa sababu wengi wanalinganisha malighafi na uzito wakasahau kwamba chupa ya baiskeli ni ya kunywea ukiwa mwendoni. Hapo plastiki laini inaipita chuma kwa mbali. Unaitoa kwa mkono mmoja, unaileta mdomoni kwa pembeni, unaiminya, na funda la maji linaingia huku macho yako yakiwa bado njiani. Kichwa hakiinuki. Chuma hakiminyiki. Ili maji yatoke, kitako cha chupa lazima kipande juu ya mdomo na kichwa kirudi nyuma, na kwa muda huo huoni mbele. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa unakwenda karibu mita 7 kila sekunde. Ukiangalia juu kwa sekunde 3 umepita mita 21 bila kuona njia, na kwenye changarawe jiwe la ukubwa wa ngumi linatosha kukuangusha.

Kuna na suala la hewa. Chupa laini ukiiachia baada ya kuiminya inajirudisha umbo lake na kuvuta hewa ndani kupitia mdomo wake, kwa hiyo funda linalofuata linatoka kwa urahisi uleule. Ya chuma haina nguvu hiyo. Kila tone linalotoka linaacha nafasi ambayo lazima ijazwe na hewa, na kama kifuniko hakina tundu la kuiingiza, maji yanapungua kasi baada ya mafunda mawili na unabaki unanyonya kwa nguvu huku unahema. Ukishika kifuniko cha chuma dukani, kigeuze uangalie upande wa chini: kile kizuri kina tundu dogo, mara nyingi lenye kijiulimi cha mpira, mbali kidogo na tundu la kunywea. Tundu hilo ndilo linaloziba kwanza kwa sukari ya vinywaji vya michezo.

Kifuniko chenye mrija wa ndani kinaondoa haja ya kuinua kichwa, lakini kina tabia yake. Chupa ikipata joto, hewa iliyo juu ya maji inatanuka na kuyasukuma yapande kwenye mrija, na ukifungua tu yanakurukia usoni. Fungua kwanza kifuniko robo mzunguko ili hewa ipumue, kisha kifunge na unywe. Kwa vile hilo linataka mikono miwili, ni la kufanya umesimama. Na hivyo ndivyo ninavyoiona chupa ya chuma kwa jumla: ni chupa ya mtu anayesimama kunywa. Kwa dakika 40 za kwenda kazini, ambapo unakunywa kwenye taa za barabarani au ukishafika, hilo halina shida. Kwa saa 4 ambazo unatakiwa kunywa kidogo kidogo kila dakika 10 au 15, utajikuta unaahirisha, na anayeahirisha kunywa anarudi nyumbani na chupa iliyojaa nusu na kichwa kinachouma.

Sasa kishikio, na hapa nenda polepole, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Chupa za baiskeli zina kipenyo cha mm 73 hadi 74, na sehemu ya juu zina mfereji au bega ambalo ulimi wa kishikio hulikamata. Chupa nyingi za chuma hazikutengenezwa kwa kipimo hicho. Zimetengenezwa kwa ajili ya mkoba au meza, nazo huja za mm 65, 70, 76, na ubavu wake hauna mfereji wowote. Huhitaji kipimo maalumu. Chukua uzi, uzungushe mara moja kwenye tumbo la chupa, kisha upime urefu wake kwa rula. Uzi ukiwa wa mm 229 hadi 233, chupa ni ya kipimo sahihi. Ukiwa chini ya mm 226, chupa itacheza, itapiga kelele, na kwenye matuta itaruka nje. Ukizidi mm 236 usiilazimishe, hata kama inaingia kwa kusukuma: mikono ya kishikio cha kaboni au cha plastiki ngumu hupasuka pale inapoungana na kitako, tena hupasuka baadaye, siku usiyoitarajia.

Chupa nyembamba kidogo ina tiba rahisi. Kata vipande viwili vya mpira wa tyubu kuukuu, upana wa sm 3, uvigandishe au uvifunge kwenye mikono ya kishikio kwa ndani. Tyubu ya kawaida ina unene unaokaribia mm 1, kwa hiyo pande mbili zinakupa karibu mm 2. Chupa ya mm 71 au 72 itakaa kimya na kushikwa vizuri. Mpira huo huo unazuia jambo jingine linaloudhi: kishikio cha alumini kikisuguana na chupa kinaacha unga mweusi unaoshika mikono na nguo, na kishikio chochote cha chuma kinakwaruza rangi ya chupa ndani ya wiki ya kwanza.

Vishikio vyako ni vya kaboni, na hivyo vimekusudiwa chupa ya plastiki. Angalia uzito unaohusika. Chupa tupu ya plastiki ya ml 600 hadi 750 ina gramu 70 hadi 100. Ya chuma yenye ukuta mmoja huanzia kama gramu 150 na kupanda, na yenye kuta mbili mara nyingi hufika gramu 300 au zaidi. Kwenye mlima, gramu 200 za ziada si kitu ukikumbuka kwamba maji yenyewe ya ml 600 ni gramu 600. Kwenye kishikio ni kitu, kwa sababu kila shimo linaugeuza uzito huo kuwa pigo, tena pigo la kitu kigumu kisichobonyea. Plastiki laini hujikunja kidogo na kuumeza mtikisiko, lakini chuma huupeleka wote kwenye mikono ya kishikio na kwenye bolti zake. Kwa chupa ya chuma weka kishikio kilichokunjwa kwa bomba jembamba la stenlesi, yaani chuma cha pua. Hicho unaweza kukibana au kukitanua kidogo kwa mkono hadi kiikumbatie chupa. Cha alumini kinavumilia kukunjwa mara moja au mbili, kisha kinafanya ufa. Cha kaboni usikikunje kabisa.

Ukishakibadilisha, angalia bolti. Ni za M5, yaani zenye unene wa mm 5, mbili, zenye umbali wa mm 64 kati yake karibu kwenye baiskeli zote. Tia tone la gundi ya buluu ya kuzuia nyuzi za bolti zisilegee, ile inayofunguka kwa ufunguo wa kawaida, kaza kwa newtoni mita 3 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha rudia kuziangalia baada ya wiki moja. Bolti iliyolegea chini ya chupa nzito inatikisa nati iliyopachikwa ndani ya fremu, na nati hiyo ikianza kuzunguka mahali pake, kuitengeneza ni kazi ya fundi.

Kwa fremu ndogo kuna urefu pia wa kufikiria. Chupa ya ml 750 mara nyingi ina urefu wa sm 24 hadi 26, na inahitaji nafasi ya ziada juu yake ili itoke kwenye ulimi wa kishikio. Kabla ya kununua, viringisha karatasi ngumu iwe na kipenyo cha mm 73 na urefu wa chupa unayoitaka, iweke kwenye kishikio, kisha jaribu kuitoa na kuirudisha. Ikigonga bomba la juu la fremu, shuka hadi ml 500 au 600, au tafuta kishikio cha kutolea pembeni. Vifuniko vya chuma vyenye pete kubwa ya kubebea huongeza sm 3 au 4 ambazo watu husahau kuzihesabu.

Umeambiwa plastiki ni sumu. Plastiki si kitu kimoja, na jibu liko kwenye kitako cha chupa yako: tafuta namba ndani ya pembetatu ya mishale. Chupa nyingi laini za baiskeli ni namba 4, polietilini laini, na vifuniko vyake kwa kawaida ni namba 5, polipropilini, au namba 2, polietilini ngumu. Kemikali iliyozua hofu kubwa, bisfenoli A, inayojulikana kwa kifupi BPA, ni malighafi ya polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo huwekwa kwenye kundi la namba 7. Polietilini na polipropilini hazitengenezwi kwa kemikali hiyo. Kundi la 7 lina plastiki nyingine pia zisizo nayo, kwa hiyo namba 7 peke yake haitoshi kuihukumu chupa, lakini chupa ngumu ya zamani yenye namba hiyo na isiyo na maelezo mengine ni bora uipumzishe.

Inashangaza wengi kwamba BPA imewahi kuwamo kwenye chupa za chuma. Alumini tupu haivumilii asidi ya limau wala vinywaji vya michezo, kwa hiyo chupa zake hupakwa utando wa ndani, na utando wa epoksi wa miaka ya nyuma ulitengenezwa kwa kemikali hiyo hiyo. Hata utando mpya usio na BPA una udhaifu wake: chupa ikianguka na kubonyea, utando hupasuka pale pale, na kinywaji kinagusa alumini. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona magamba, madoa meupe au ufa, acha kuitumia. Kwa sababu hiyo sipendekezi alumini kwa mtu anayeweka kitu chochote zaidi ya maji. Stenlesi ya 18/8, yaani yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, haihitaji utando wowote na haibaki na ladha. Titani nayo ni nyepesi na haishiki kutu, ila bei yake hailingani na faida utakayoiona kwenye baiskeli.

Plastiki laini ina haki ya kulaumiwa kwa mambo mengine. Inanyonya harufu za vinywaji vyenye ladha na kuzishika. Joto, jua na msuguano huichakaza, na inapochakaa huachia ladha na chembechembe zake ndani ya maji. Kwa hiyo usimimine maji ya moto kwenye chupa ya namba 4, usiiache juani ndani ya gari, na usiisugue kwa brashi ya waya wala sifongo la kukwarulia masufuria. Mikwaruzo ya ndani ndiyo makao ya vijidudu. Chupa ikiwa na ukungu usiotoka, kitako kilichopauka na kufanya nyufa nyeupe, au harufu iliyobaki hata baada ya usafi nitakaoueleza hapa chini, itupe. Chupa hii ni kama pedi za breki, imewekwa ichakae na ibadilishwe.

Joto la maji sasa. Wengi huamini chuma chenyewe kinatunza ubaridi. Kinachotunza ubaridi ni ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, lililo kati ya kuta mbili, kama kwenye chupa ya chai. Chupa ya chuma yenye ukuta mmoja haina faida yoyote hapo. Chuma hupitisha joto kwa urahisi kuliko plastiki, lakini ukuta wa chupa zote mbili ni mwembamba mno kiasi kwamba kizuizi kikubwa ni utando wa hewa unaogusa chupa kwa nje, na huo ni uleule kwa zote. Kwa hiyo zinapata joto kwa kasi inayokaribiana, na jua likipiga ni rangi ya nje inayoleta tofauti: nyeusi hupata joto zaidi ya nyeupe.

Kwa Jumamosi yako kuna njia mbili. Ya kwanza ni chupa ya plastiki yenye tabaka mbili na povu au karatasi ya kung'aa katikati. Inachelewesha joto kwa kiasi cha kuhisika na bado inaminyika, ingawa ni ngumu kidogo mkononi na inabeba maji machache kwa ukubwa uleule. Ya pili haina gharama. Jaza maji theluthi moja ya chupa ya kawaida ya plastiki, ilaze kwa mwinamo kwenye friza usiku kucha ili barafu ishike ubavuni na isizibe mdomo, kisha asubuhi ijazie maji. Barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na plastiki laini inaupokea utanuko huo. Chuma usikigandishe kamwe. Chupa ya kuta mbili ikijazwa na kugandishwa inaweza kuvimba au kupasuka ukuta wa ndani, ombwe likapotea, na ukabaki na mzigo mzito usiotunza kitu. Dalili ya ombwe lililokufa ni hii: tia maji ya moto, subiri dakika 5, shika ubavu wa nje. Ukihisi joto, chupa imekwisha kazi.

Chuma cha kuta mbili kinashinda waziwazi siku za baridi kali, maana maji ya kwenye plastiki huganda mdomoni kwanza. Ukiweka chai, iache ipoe hadi uweze kuinywa bila kupuliza, kwa sababu ndani ya chupa hiyo itabaki na moto wake kwa muda mrefu, na funda la chai ya moto ukiwa mwendoni ni hatari ya kweli. Vinywaji vyenye gesi usiviweke: mtikisiko unajenga shinikizo, na kifuniko kinaweza kuruka.

Turudi kwenye harufu. Fungua kifuniko, kisha fungua na kifuniko chenyewe. Mdomo wa kuvuta na kusukuma hutoka ukiuvuta kwa nguvu kwa meno ya koleo yaliyofungwa kitambaa, na ule wa silikoni wenye mkato wa msalaba hutoka ukiusukuma kwa kidole kutoka ndani. Chini yake, kwenye ukingo ambao hauonekani, utakuta utelezi wa kijivu au vidoa vyeusi. Huo ndio unaonuka. Toa pia mpira wa duara unaozuia kuvuja. Loweka vyote pamoja na chupa usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko kikubwa kimoja cha baikaboneti ya soda kwa kila nusu lita, kisha sugua mfereji wa mpira kwa mswaki laini. Ukungu ukibaki, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kidogo kimoja kwa lita moja ya maji baridi, kwa dakika 5 hadi 10, kisha suuza mara mbili au tatu. Klorini hiyo ni ya plastiki na silikoni tu. Kwenye stenlesi hula vitundu vidogo visivyorudi. Na usiichanganye na siki hata kidogo, kwani hutoa gesi ya sumu. Siki ina kazi yake siku nyingine, kutoa gamba jeupe la chumvi za maji ndani ya chupa ya chuma.

Baada ya hapo, kila siku ukifika tu, mwaga kilichobaki, suuza, na uache chupa na kifuniko vikauke mbalimbali, midomo chini, pasipo kufungwa. Chupa iliyofungwa ikiwa na unyevu inaotesha ukungu iwe ya chuma au ya plastiki. Kinywaji chenye sukari na chumvi kisilale ndani ya chupa ya chuma, kwa sababu chumvi iliyokaa siku kadhaa huanzisha vitundu vya kutu hata kwenye stenlesi, na sukari ikichacha hujaza gesi. Weka maji matupu kwenye chuma na kinywaji cha michezo kwenye plastiki, nawe utakuwa umeepuka nusu ya matatizo yote.

Jambo moja la usalama kabla hujanunua. Chupa ya chuma isipande kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, maana ukianguka chali inakaa kati ya uti wa mgongo na ardhi. Na ukiendesha kwenye kundi, chupa ya chuma iliyoruka kishikioni haibonyei chini ya gurudumu la mwenzako kama ya plastiki, inaling'oa gurudumu njiani. Ukishiriki mashindano, kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, zinataka chupa ya kwenye fremu iwe na ujazo wa ml 400 hadi 800, na upana usiopungua sm 4 wala kuzidi sm 10.

Nunua basi chupa mbili za plastiki laini za ml 600, namba 4, zenye mdomo wa silikoni unaofunguka wote kwa usafi, na kifuniko cha juu cha kukinga tope kwa kuwa unapita kwenye changarawe. Kwa kazini chukua moja ya stenlesi 18/8 ya kuta mbili, ml 500, yenye mzingo wa mm 229 hadi 233, na uiweke kwenye kishikio cha stenlesi cha bomba la chini la fremu. Bado ukiwa dukani, omba maji na uzijaribu: ya plastiki jaza, funga, futa ikauke, igeuze na uiminye kwa sekunde 10 ukiangalia kama maji yanapenya kwenye nyuzi za kifuniko. Ya chuma igeuze juu ya karatasi laini ya kujifutia na uiache hivyo unapoangalia vitu vingine. Karatasi ikilowa, toa mpira wa kifuniko, upangusie uchafu, urudishe na ujaribu tena. Ikilowa mara ya pili, irudishe rafuni.